Karate Niliyofundishwa Bila Sauti

Admin, jina langu lifiche, na mtaa pia usiutaje. Sema Uvira tu, inatosha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, nashona nguo nyumbani. Vita viliporudi, dada yangu na watoto wake walivuka kwenda Burundi, mimi nikabaki kulinda nyumba. Sasa humu tuko mimi na cherehani, na cherehani ndiyo inayoongea zaidi.

Karate nilianza nikiwa msichana, katika vita vya nyuma. Mwalimu wetu, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, alitufundisha katika ukumbi wa mabati karibu na ziwa. Kimono zetu za mazoezi tulishona kwa mifuko ya unga wa msaada. Yangu ilibaki na maandishi mgongoni kwamba mali hii haiuzwi, na wenzangu wakanitania kwamba ndiyo maana hakuna atakayekuja kuniposa. Tulicheka sana siku zile.

Anayejua karate anajua kwamba pigo la mwisho lina ukelele wake, unaotoka tumboni. Sisi tuliupiga asubuhi moja tu. Tulikuwa wengi, tukaufungulia wote pamoja, na mtaa mzima ukakimbia. Kina mama waliacha sufuria motoni, wakabeba watoto na magodoro, wakashika njia ya Fizi. Walidhani tumevamiwa. Mama mmoja alianguka akavunjika mguu. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, kisha akarudi kwetu.

"Kuanzia leo, kelele muimeze," alisema. "Minye sitaki muntu akimbie tena na mutoto kwa sababu yetu."

Basi tukajifunza karate ya kimya. Nilikuwa mtoto mwoga kupita kiasi. Ukumbini nilijifunza kusimama imara, kumtazama mtu machoni, na kupumua hata nikiwa naogopa. Mwalimu alinisifu: "Weye iko na nguvu, na hausumbue muntu." Maneno hayo niliyabeba miaka yote.

Safari hii vita vimetutawanya. Wenzangu wengine wako kambini Burundi, wengine Kalemie, wengine wameshika bunduki na sitaki kujua ni za upande gani. Mwalimu naye alipanda boti, akaniachia ufunguo wa ukumbi. Mazoezi ya watu wawili nayafanya peke yangu: nashambulia, halafu nahamia upande wa pili najikinga. Mwishoni watu wanapaswa kuinamiana kwa heshima. Mimi nauinamia ukuta. Kuna siku nalia hapo hapo, sifichi.

Sasa nieleze kilichonileta. Kuna mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa heshima, ana mke na watoto. Ndiye aliyekuwa akinipitia kuniuliza kama nimekula, na nilimwita papa, yaani baba. Mchana mmoja alinikuta ukumbini, akafunga mlango, akanishika kwa nguvu na kunibana ukutani. Mwili wangu ukafanya ulichofundishwa. Nilijinasua, nikampindua, akaangukia mkono wake ukavunjika. Mimi sikutoa sauti yoyote. Aliyepiga kelele ni yeye, na watu wakaja mbio.

Walimkuta chini, mimi nimesimama. Akasema alikuja tu kuangalia ukumbi, nikamrukia bila sababu, ati upweke umeniharibu kichwa. Tukaitwa mbele ya wakubwa wa mtaa na wa kanisa. Jirani yangu Mama Furaha, ambaye watoto wake nawashonea nguo zote za shule, akasimama.

"Minye nilikuwa hapo inje napepeta muchele," alisema. "Kama alikukamata kweli, sababu gani haukupiga kelele? Ya papa tuliisikia. Ya kwako iko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za mwalimu na magodoro, watu wakacheka. Nikaketi.

Wameamua kwamba Jumapili hii niombe radhi mbele ya kanisa, na ufunguo wa ukumbi nimkabidhi huyo huyo mzee. Nikikataa, nisikanyage tena kanisani na mtu yeyote asiniletee nguo. Hata sasa hawanisalimii. Nikienda bombani kuchota maji, mazungumzo yanakatika. Dada ananiambia kwa simu, "Omba radhi mambo yaishe. Pale hauna muntu." Ni kweli, sina.

Ningekuwa nimeshaomba. Lakini juzi alikuja dada mmoja wa kwaya, mtu mzima ambaye mahari yake yanazungumzwa, amebeba kitenge kama anataka kushonewa. Nilipokuwa nampima mabega, akaninong'oneza, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, na minye alinikamata. Na minye sikupiga kelele. Tafazali, usiseme, uchumba wangu utakufa. Unifundishe tu." Nikamwahidi yote mawili; kitenge chake kiko hapa mezani, bado sijakikata.

Nikimtaja nitaaminiwa, lakini nitakuwa nimemwangamiza. Nikiomba radhi, nitakuwa nimesema mbele ya Mungu kwamba hakuna kilichotokea, na mzee atatembea na ufunguo wa ukumbi mfukoni. Jana niliingia ukumbini, nikapiga pigo la mwisho, nikafungua mdomo nitoe ule ukelele. Ilitoka pumzi tu.

Nishaurini ndugu zangu, hasa ninyi wenye mabinti. Nimfuate dada yangu ng'ambo, nikaanze maisha ya kambini? Au Jumapili nisimame niseme kwa sauti yaliyonipata mimi, bila kumtaja mwingine yeyote? Mzee alipopiga kelele, mtaa mzima ulikuja mbio. Mimi nikipiga kelele, watakuja, au watabeba magodoro yao?