Ndongu Kichwani

Enzi zetu pale Kabiro, Kawangware, mtoto asiye na mashilingi kichwani alikuwa mgeni. Nasema yale mabaka ya duara yaliyokula nywele na kuwasha, yakihama kichwa hadi kichwa kwa sababu tulivaliana kofia na kulala watano mkeka mmoja. Mimi nilikuwa nayo matatu. Na mwaka ule ndio niliochaguliwa kuanzisha wimbo wa kwaya ya shule!

Mwalimu alitukagua vichwa, akaninyooshea rula: "Hiyo kichwa haipandi jukwaani. Uko na wiki tatu." Nililia hadi nyumbani. Mama, aliyehamia Nairobi kutoka Kitui na dawa za kwao zote akilini, hata pole hakusema. Alinituma kiwanjani nyuma ya ploti nikachume ndongu, vile vitunda vya manjano vya kichaka chenye miiba, ambavyo watu wa Pwani huviita ndulele. "Na usionje," akasema. "Hata mbuzi anaviogopa."

Jamani, ile dawa! Alianza na gunzi la mahindi, akakwaruza mabaka hadi yakawa mekundu. Halafu akapasua tunda, akalisugua papo hapo. Nilitoka mbio nikipiga nduru, nadhani nilisikika hadi Riruta Satellite. Mama alisimama mlangoni akicheka: "Rudi hapa! Kinachowasha ndicho kinafanya kazi!" Kila jioni ikawa hivyo, watoto wa ploti wakihesabu kuona nitakimbia lini. Wiki ya pili ngozi ikakauka, ikabambuka. Ya tatu, vinywele vikachipuka. Mwalimu aliniinamia, akanigeuza kichwa huku na huku, akasema, "Haya, panda." Niliimba hadi mishipa ya shingo ikasimama!

Watoto wa leo wakiwashwa kidogo wanauliza simu. Mwanangu Mwende, anayesomea kemia chuoni na kupanga chumba Olympic, kule Kibera, aliwahi kunicheka: "Mum, hizo ni stori za jaba, za watafuna miraa." Basi wiki jana akanipigia video kutoka maabara. "Mum, cheki hii!" Ameshika kisahani kilichojaa ukungu ule ule unaoleta mashilingi, mweupe kama pamba. Katikati kuna kikaratasi kilicholoweshwa maji ya ndongu, na kukizunguka, duara safi kabisa. "Imekataa kumea hapa! Ni alkaloidi, Mum. Ni sumu mmea unajitengenezea ujilinde." Kumbe sumu iliyomtisha mbuzi ndiyo iliyoniokoa! Nilijishika kichwa, nikacheka peke yangu jikoni.

Kile kiwanja cha Kabiro sasa ni ghorofa tano. Ndongu za Mwende zilitumwa kwa kigunia kutoka Kitui. Sisi tulikuwa na kichaka mlangoni bila kujua jina la kilichomo. Wao jina wanalo, kichaka hawana.

"Lakini nani aliwaambia mkwaruze kwanza na gunzi?" Mwende akauliza, kalamu mkononi juu ya daftari lake la maabara. "Hiyo ndiyo inafanya dawa iingie."

"Nyanya yako."

"Na yeye alijuaje?"

Hilo sikuwahi kumuuliza Mama, na sasa ana miaka mingi chini ya udongo wa Kitui.

"Andika tu jina lake hapo," nikasema. Akaniomba nimtajie herufi moja moja, nami nikamtajia zote.