Chozi si pointi: nzango iliyokaribia kuvunja urafiki uani kwetu

Wakuu, habari za jioni. Nawaandikia kutoka Bulengera, Butembo, huku mashariki mwa Kongo. Sitatia chumvi. Haya niliyaona mwenyewe, na mnanijua, mimi huwa nashuku hata macho yangu.

Dada yangu ana binti wa miaka tisa, Kavira. Mchezo wake ni nzango: wasichana wawili wanatazamana, wanapiga makofi, wanaimba, wanaruka, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele. Miguu ikilingana, pointi ni ya huyu. Ikipishana, ni ya yule. Kufumba na kufumbua, na hakuna VAR.

Kavira akishindwa, analia. Akilia, dada anapaza sauti toka jikoni bila hata kuchungulia:

"Mumupatie pointi, hapana kuliza mutoto!"

Basi anapewa.

Rafiki yake mkubwa ni Naomie, binti wa mwanajeshi aliyeletwa hapa kutoka mkoa mwingine. Siku moja Naomie akagoma. "Weye ulibadilisha mugulu. Unaiba na machozi!"

Akaenda kwao ng'ambo ya barabara. Hakurudi.

Kisha tukasikia baba yake anahamishiwa kikosi cha Oicha, familia itaondoka Jumamosi. Kavira akawa anachezea tu bugali kwenye sahani. Dada akataka kumburuta akaombe msamaha. Nikamuuliza: aombe kwa kosa gani, wakati sisi ndio tuliomfundisha kwamba chozi ni pointi?

"Weye na université yako! Maswali tu, majibu hapana."

Safari hii jibu nilikuwa nalo: jikoni pakae kimya.

Kesho yake Kavira akashindwa na mtoto wa jirani. Akalia, akageuka kutazama jikoni. Kimya. Nilimwona dada ameuma ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, asije akasema neno. Mtoto akafuta pua, akaendelea kucheza.

Kusema kweli, sikuamini kama ingetosha.

Jumamosi, mizigo ya kina Naomie ikiwa tayari juu ya gari, Kavira akavuka barabara peke yake.

"Tucheze moja tu?"

Naomie akamtazama kwanza. Halafu akavua sandali.

Makofi, ruka, mguu! Watoto wa mtaa wakalipuka: "Ya Kavira! Ya Kavira!"

Kavira akatazama chini. "Hapana. Nilibadilisha mugulu ku mwisho. Ni ya Naomie."

"Na ile ya siku ile?" Naomie akauliza.

"Ile pia."

Wakacheka wameshikana mikono mpaka dereva akapiga honi. Mimi nikashusha pumzi kama mtu aliyepita barrière ya askari barabarani bila kuulizwa karatasi.

Wakuu, nilichoelewa ni hiki: kabla ya kumhubiria mtoto kukubali kushindwa, tuache kwanza kumshindia kutoka jikoni. La sivyo, hata darasani na dukani atakuja kutafuta mtu wa kupaza sauti kwa niaba yake.

Ninyi mnaosema mdogo apewe tu, karibuni mnipinge. Kwenu nani hutoa pointi?

Dada amesimama nyuma yangu anasoma. Anataka niongeze kwamba kazi ngumu kuliko zote aliifanya yeye: kunyamaza.