Miti Saba Nyuma ya Jikoni

Darasa la Padre lilinuka majani yanayokauka. Haikuwa harufu ya nyasi zilizokatwa, bali kitu kati ya chai iliyosahaulika kwenye birika na gazeti lililonyeshewa, na juu yake vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo alivyoviweka kabatini. Kando ya ukuta yalipangwa marundo ya magazeti yaliyokandamizwa kwa matofali, na ndani ya kila gazeti mmea ulilala chali, mizizi imeoshwa, jina limeandikwa kwa wino mweusi. Alikuwa padre wa misheni ya kwetu, upande wa Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, na pia mwalimu wetu wa sayansi. Vidole vilivyotupa komunyo Jumapili vilikuwa vimekolea utomvu ikifika Jumatatu. Tulimwita Fadha Majani, akishatupa mgongo bila shaka. Alizaliwa bonde la Kerio, akasomea upadre, kisha akapelekwa ng'ambo kusomea mimea. Watu wazima hawakuelewa kwa nini msomi kama huyo alirudi kufundisha watoto wa wakamua ng'ombe, na watu wasipoelewa jambo hulitafutia maelezo. Wengine walisema anatafuta madini, eti mimea humwonyesha yalipo. Wengine walisema anapima mashamba.

Sisi tulikaa kwa shamba la mtu. Baba, Mzee Wekesa, alikamua ng'ombe wa mwenye shamba saa kumi na moja alfajiri na tena saa tisa, naye akapewa nyumba ya udongo na nusu ekari ya kulima. Tuliruhusiwa kupanda mahindi, maharagwe, sukuma wiki, chochote kinachovunwa na kwisha. Mti, hapana. Sababu yake kila mtu wa kule anaijua: mahindi hayakumbuki mtu, lakini mti ni shahidi. Kesi ya ardhi ikifika mbele ya wazee, swali la kwanza ni nani alipanda mti huu. Baba alilijua hilo vizuri. Miaka michache kabla tulifukuzwa shamba jingine karibu na Turbo, mahindi yakiwa yametoa ndevu, na hatukuwa na kitu cha kuonyesha kwamba tuliwahi kuishi pale. Ndiyo maana, tulipofika Kapseret, alipanda saba. Ilikuwa miti ya lusiola, ile yenye maua ya manjano ambayo kwao magharibi hupandwa mipakani, na mbegu alizitoa kwa mama yake, zimefungwa kwenye ncha ya leso. Aliipanda nyuma ya jikoni, mahali ambapo moshi na mahindi viliificha. Majirani wangejua, wangesema baridi ya huku itaiua. Haikufa. Nilipofika darasa la tano ilikuwa imempita kimo, na kila jioni aliinywesha maji yaliyooshewa vyombo. Hakuna aliyeitaja kwa sauti.

Muhula huo Padre alitupa kazi ya nyumbani. Tuandike kila mti ulioko kwetu, jina lake kwa lugha ya mama, kazi yake, na nani aliupanda. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu nilichokijua kuliko yeye. Niliandika kurasa mbili. Jioni, tukila ugali, nikasimulia kwa majivuno nilivyojaza daftari na kulikabidhi. Tonge la baba likasimama njiani.

"Umeandika nani alipanda?"

"Wewe."

"Jina langu?"

"Jina lako lote."

Mama alijaribu kupoza mambo. "Si ni mwalimu ameuliza, Baba Naliaka? Mtoto angefanya nini?"

"Mwalimu gani anauliza nani alipanda mti?" baba akasema. "Hilo ni swali la chifu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba alikuwa ameumwa. Akaniamuru nilirudishe daftari kesho yake, kabla macho mengine hayajaliona. Lakini kesho yake Padre alikuwa ameshayabeba madaftari yote kwenda kuyasahihisha. Nikingali natafuta uongo wa kumpelekea baba, nilipita njia ya mkato kando ya nyumba ya mwenye shamba, nikaiona pikipiki ya Padre imesimama uani. Yeye na mwenye shamba walikaa barazani wakinywa mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Juu ya meza, kando ya kibuyu, palikuwa na rundo la madaftari ya rangi ya samawati. Nilijikunja nyuma ya ua wa michongoma. Walizungumza lugha yao, ambayo kwetu hakuna aliyeielewa, wakacheka, na katikati ya maneno hayo nilisikia "Wekesa." Au nilidhani nimesikia. Mpaka leo siwezi kuapa. Madaftari ya samawati yalikuwa ya kila shule, na Wekesa ni wengi. Hata hivyo nilikimbia nyumbani, nikamwambia baba kwamba nimesikia.

Siku tatu baba hakulala vizuri, na ng'ombe walimjua, maana maziwa yalipungua. Jumamosi Padre akaja kwetu kwa miguu, kioo cha kukuza kikining'inia shingoni pamoja na msalaba. Aliwasalimu wazazi wangu kwa heshima, akakataa kiti, akazunguka moja kwa moja hadi nyuma ya jikoni, kana kwamba ameshaelekezwa. Akashika jani, akaligeuza, akalitazama kwa kioo, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Mzee Wekesa, hii ulipanda lini?"

"Sikupanda mimi, Fadha. Ni ndege. Ndege hudondosha mbegu."

Padre aliutazama ule mstari wa miti saba, nafasi kati yake zimelingana kwa hatua. "Ndege wa huku wana adabu," akasema. "Wanapanda kwa kamba."

Mama alicheka, akaziba mdomo kwa khanga. Baba hakucheka. Padre akakata kitawi kimoja, akakilaza kwenye gazeti, akaandika kitu kirefu kijitabuni. Akiaga, akamshika baba mkono kwa mikono miwili, akasema, "Miti mizuri hii, mzee. Itunze." Nimeyageuza maneno hayo kwa pande zote tangu siku hiyo. Yanaweza kuwa baraka. Yanaweza pia kuwa maneno ya mtu anayejua kwamba unajua kwamba anajua.

Alipotokomea tu, baba alichukua shoka. Hatukuambiwa kitu. Mti wa kwanza ulianguka juu ya paa la jikoni, wa pili juu ya mahindi, na mimi na mama tukaburuta matawi hadi shimoni huku maua ya manjano yakitunasa nywele. Aliufikia wa saba akiwa amelowa jasho, akasimama akiuegemea muda mrefu, nikadhani ataubakiza. Akaukata. Visiki akavifukia kwa samadi. Wiki nzima tulipikia kuni mbichi, na moshi wake ulitutoa machozi sote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua nani analia.

Mwezi uliofuata mwenye shamba alikuja, akasimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba kijana wake anarudi kutoka Nairobi na ataihitaji nyumba. Tuvune, kisha tutafute kwingine. Miti hakuitaja. Kijana kweli alirudi, akajenga zizi la kisasa pale tulipolala. Lakini baba alikwisha kumhukumu Padre. Tulihamia Turbo, tukapanga chumba kando ya barabara ya malori, nami sikurudi darasani. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi: nimechuma chai Nandi, nimeuza mitumba, nimepikia mafundi wa nyumba. Nimeishi vyumba ambavyo sikumbuki hata rangi ya milango yake. Shamba lile lilikuja kuuzwa. Mkamuaji mwingine, aliyekuwa na miparachichi mitatu mikubwa ambayo sisi sote tuliifumbia macho, aliitwa mbele ya wazee, wakaitazama, wakamkatia kipande cha ardhi. Yuko pale hadi leo.

Mwaka juzi nilisikia Padre amelazwa katika hospitali ya misheni kule Plateau, nikapanda gari kwenda kumwona. Alikuwa amekauka, macho tu ndiyo yaliyobaki mabichi. Mimi hakunikumbuka, wala baba. Nilipotaja lusiola akajiinua kwenye mto.

"Saba! Kapseret! Mti huo haupendi baridi ile, na ulikuwa ukichanua."

"Fadha, ulimwambia mwenye shamba?"

Akafikiri kwa uaminifu, niliuona uaminifu huo. "Labda nilimwambia," akasema. "Habari za miti nilimwambia kila mtu." Kisha akaniuliza kama bado inachanua. Nikamwambia inachanua. Alizikwa kabla ya mvua za masika, mimi nikiwa Turbo kumuuguza baba.

Baba sasa haoni vizuri, lakini kesi yake dhidi ya Padre bado anaisoma kila siku. Nilipomweleza nilikokuwa, aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Alikataa?"

"Hakukataa. Hakukubali pia."

"Si nilikuambia."

"Na kama hakusema, baba?"

Akapapasa kando yake akitafuta kikombe. "Basi niliikata bure," akasema. "Hilo ndilo unataka nife nalo, Naliaka?"

Nikiwa na miaka kumi na moja nilijaza ukweli kurasa mbili kwa sababu tu niliulizwa, na nikaona fahari. Siku hizi bado nauliza kila kitu, ila kujibu nimejifunza kuchelewa. Nilimsogezea baba kikombe mkononi, vidole vyake vikakipata.

"Alisema, baba," nikamwambia. "Nilisikia mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyerudishiwa chake, akanywa.