Nilimkuta Baba Anainusa Tableti

Jamani, kuna asubuhi nilichungulia dirishani kwa baba yangu mzazi nikamkuta ameinama juu ya meza, anainusa tableti.

Nasema anainusa. Mikono kaiweka mgongoni, pua imegusa kioo, anaitelezesha kutoka chini kwenda juu taratibu, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi.

Mama yuko hospitali ya mbali, anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, na huku mzee ndiyo hivyo tena, akili imeaga.

Ngoja nianzie mwanzo. Nikiishia hapo mtasema baba yangu alichanganyikiwa, kumbe aliyechanganyikiwa ni mimi.

Mimi ni mtunza stoo kwenye ghala la vipuri vya magari. Kazini wananiita Maabara, kwa sababu sinunui kitu bila kukipima. Hata ndoo ya kuogea nasoma kwanza maoni ya walioinunua. Mke wangu aliniuliza siku moja, "Na mimi ulinilinganisha na nani?" Nikabadilisha mada haraka sana.

Sasa mama alikuwa anaumwa moyo. Ikabidi asafirishwe, mji mwingine kabisa, anakokaa dada yetu. Baba hakuweza kwenda naye. Magoti yake hayataki safari ndefu. Akabaki nyumbani na simu yake ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea, basi.

Kila jioni wanaongea. Kila jioni mama anasema, "Mimi sijambo kabisa."

Baba akikata simu anabaki ameishikilia tu.

"Sauti ya mama yenu ni mwongo," aliniambia. "Miaka yote hii namjua. Akiwa na homa anasema sijambo. Akifiwa anasema sijambo. Uso wake ndio hauwezi kudanganya. Mimi nataka nimwone uso kabla hawajampasua."

Nani angebisha hapo? Tukakubaliana tumnunulie baba tableti, ile watangazaji wanaita kishikwambi, ili amwone mama vizuri, mkubwa, na sura yake yote.

Tatizo likawa ipi.

Kaka yangu ni dereva wa lori. Akaandika kwenye kundi letu la familia: "Chukua ya bei ndogo. Mzee anaongea na mama, harushi roketi."

Mimi nikacheka kwa dharau. Nikamwambia atulie, kazi hii ina wenyewe.

Basi nikazama. Nikakomaa na tableti mbili, moja ya bei ya chini na moja ya bei ya juu, zote Android. Chakula kinapoa, mimi naangalia video za watu wanaofungua maboksi. Nikachora jedwali kabisa. Skrini: ya chini rangi zimepauka, ya juu kama dirisha lililofutwa. Kamera ya mbele: ya chini inamfanya mtu aonekane anaoga kwa mvuke, ya juu inahesabu nyusi. Spika: ya chini moja, inalia kama nyuki kwenye kopo, ya juu nne. Ya chini ukifungua vitu vitatu inaganda, ya juu inakwenda tu. Tena hiyo ya juu italetewa masasisho miaka na miaka, ile nyingine ikishauzwa ndiyo kwaheri.

Kwenye boksi la ile ya chini walikuwa wanatia na vikorombwezo. Kava la plastiki, na kalamu nyembamba yenye kichwa cha mpira, ya kugusia skrini. Nikaangua kicheko. Kampuni inajua tableti yake mbovu, inakuhonga kalamu! Kwenye jedwali, mstari wa vikorombwezo, nikaipa sifuri.

Nikaenda kwa baba na mke wangu kumwonyesha matokeo. Nilikuwa na furaha bwana, usipime. Nikamwelezea skrini, nikamwelezea kamera, nikamwelezea spika nne. Baba anatikisa kichwa tu, mikono kaibana katikati ya magoti.

Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, mimi nipeni ile ya bei ndogo."

"Baba! Usituonee huruma. Tunajipanga, tunaweza."

"Siwaonei huruma. Naitaka ile."

Nikamkonyeza mke wangu. Si unajua wazazi? Muulize anakula nini, anasema chochote kilichopo. Mpe kuku, anachukua shingo. Ukimsikiliza mzazi katika mambo haya utamvalisha mitumba mpaka kaburini.

"Baba, utachukua nzuri," nikasema. "Umetuhangaikia sana."

Baba akaniangalia. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akatabasamu, "Haya, ninyi ndio mnajua."

Nikaandika kwenye kundi: "Mzee amekubali ya juu." Kaka akajibu kwa alama ya kidole gumba, kimoja tu, na mimi nikakihesabu kuwa ni wivu.

Siku ya kumkabidhi ikawa sherehe. Nikafungua boksi mimi. Nikaiwasha mimi. Nikaunganisha intaneti mimi. Nikampigia mama mimi. Mama akatokea, mkubwa, kila mkunjo wa uso unaonekana, na baba akasogea akawa anamwangalia.

"Mbona umekonda?" akauliza hatimaye.

"Mimi sijambo," mama akasema.

"Umekonda," baba akarudia. Mama akainamisha macho. Hapo nikaona, kweli, uso hauwezi kudanganya.

Nilitoka pale kifua mbele. Nikaenda mtandaoni nikaiandikia ile tableti sifa, nyota tano, nikamalizia: "Hata wazee wanaitumia bila shida."

Siku zilizofuata nilipita kila jioni baada ya kazi. Nikifika, nampigia mama, wanaongea, nakata. Nikimwambia, "Baba, jaribu mwenyewe," anasema, "Naogopa kuiharibu. Wewe piga." Nikamwonyesha mara kadhaa jinsi ya kupokea. Unagusa hiki kiduara cha kijani, unakipandisha juu. Rahisi. Akasema ameelewa.

Nilimwona mwoga tu. Wazee na mashine, nikasema moyoni.

Upasuaji ukapangwa mchana. Nikaomba ruhusa kazini, niwe pale kwa baba mama akipiga kabla hajaingia.

Asubuhi hiyo niko stoo nahesabu feni belti, dada akapiga. Anahema.

"Baba mbona hapokei? Wamebadilisha ratiba, mama anaingia sasa hivi! Tunampigia, inaita mpaka inakata. Mama anasema haingii mpaka amwone!"

"Haipo karibu naye labda."

"Ipo! Nimempigia kwa ile simu yake ya vitufe, anasema anaiona inaita, anasema anaigusa haisikii. Ulimnunulia kitu gani wewe?"

Nilidondosha belti. Nikachukua pikipiki, dereva nikamwambia endesha kama unakimbia mkwe. Njia nzima naomba Mungu na kulaani. Kama mama angeingia bila kumwona baba, na likatokea la kutokea, ningeweka wapi uso wangu? Ningemwambia nini baba? Kwamba spika zilikuwa nne?

Ndipo nikafika, nikachungulia dirishani, nikaona nilichowaambia. Mzee na pua yake kwenye kioo.

Na tableti ikapokea.

"Nani huyo?" sauti ya mama ikajaa chumba kizima, spika zote nne. "Mbona naona mapango mawili?"

"Ni mimi," baba akasema, bado kainama.

"Ala! Hiyo pua naijua. Sogea nyuma basi nikuone, mume wangu."

Baba akasogea. Machozi yanamtoka, anacheka. Mama naye yuko kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa kofia ya kijani, anacheka mpaka anashika kifua, na muuguzi nyuma yake anasema, "Mama, taratibu, moyo huo."

"Unaogopa?" baba akauliza.

Mama akataka kusema sijambo. Nilimwona kabisa, mdomo ukajiandaa. Halafu akasema, "Naogopa."

"Hata mimi. Nenda, urudi."

"Nitarudi. Hiyo pua nani ataichunga?"

Wakamsukuma. Picha ikayumba, ikakatika.

Nikaingia ndani. Baba alikuwa amekaa, anafuta kioo kwa kiwiko cha shati. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Baba, nionyeshe."

Hakubisha. Akaweka kidole cha shahada kwenye skrini. Kimya. Akaweka cha kati. Kimya. Akabonyeza kwa gumba mpaka likapauka. Tableti imelala fofofo. Mimi nikagusa kidogo tu, ikafunguka.

Akanigeuzia viganja. Baba alikuwa fundi mwashi tangu ujana. Saruji na chokaa vimeila ile ngozi ya vidole ikawa ngumu na kavu, inang'aa kama kokoto ya mtoni. Nikakumbuka, aliwahi kwenda kutengeneza kitambulisho, mashine ikagoma kusoma alama za vidole vyake. Aliporudi akatusimulia na tukacheka wote, eti baba anaweza kuiba benki na asikamatwe. Tukacheka, tukasahau. Vidole vilivyotujengea nyumba na kutusomesha, sisi tukavifanya kichekesho.

"Tangu lini unajua skrini hazikusikii?"

"Tangu mwanzo. Kinyozi wangu anayo ile ya bei ndogo, wateja wanachagulia mitindo. Nilijaribu kuigusa nikashindwa, akanipa kikalamu chenye mpira kichwani. Nikagusa, ikanisikia! Nikasema, basi, nitaomba hii hii, maana kalamu imo humo humo kwenye boksi."

Nikahisi jedwali zima linaniangukia kichwani. Sifuri yangu hiyo.

"Sasa baba, kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilikwambia nataka ile ndogo."

"Hukusema sababu!"

"Hukuniuliza." Akacheka kidogo. "Halafu ulikuwa unaongea kwa raha, macho yanawaka kama ulipokuwa mdogo. Nikasema, mwache mwanangu afurahi. Vidole vitazoea."

Nililia pale pale, mtu mzima na sare ya kazi.

Mama alitoka salama jioni ile. Dada akasema alipozinduka, kabla hajaomba maji, aliuliza kama mzee amekula.

Kesho yake nikaenda dukani kutafuta kalamu ya ile tableti ya bei ya juu. Yake inauzwa peke yake. Dada wa dukani akanitajia bei, nikamwambia, "Samahani, nimeuliza kalamu, sikuuliza tableti nyingine." Akasema ndiyo hiyo hiyo, ila ina rangi nzuri.

Nikaenda kwa kinyozi. Nikamweleza. Akafungua droo, akatoa kile kikalamu cha mpira, akanipa bure.

"Chukua," akasema. "Mimi vidole ninavyo."

Kimefanya kazi kwenye tableti yangu ya kifahari bila kinyongo. Nyota tano.

Kaka naye hakuniacha. "Kwa hiyo ya bei ndogo ndiyo ilikuwa sahihi?" akaandika kwenye kundi.

"Wewe uliitaka kwa sababu ya ubahili!"

"Sababu hukuniuliza," akajibu. Baba ndiye aliyemfundisha, namjua.

Sasa hivi kalamu ipo mezani, imefungwa uzi isipotee. Baba anaitumia kusoma magazeti na kutazama watu wanavyokosea kujenga kuta. Ila mama akipiga, kalamu haiguswi. Anaweka mikono mgongoni, anainama, anapokea kwa pua. Mama bado yuko kwa dada anaendelea kupona, na kila akipiga anaanza kucheka kabla sura haijatokea.

Ninyi mnaowanunulia wazazi vitu, linganisheni sana, sikatai. Mimi mwenyewe bado ni Maabara. Ila mzazi akikwambia "nipe ile ndogo", usikimbilie kumwambia asikuonee huruma. Muulize kwa nini.

Ukishauliza, nyamaza akujibu.