Picha Elfu Moja za Khisa

Micah alikuwa fundi wa mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria, akirudi nyumbani, mtaa wa Section 58, kila Ijumaa jioni. Mkewe, Jelagat, ndiye aliyeipiga picha kwaya ya kanisa na kurekodi nyimbo zake. Kwa miaka tisa vitu hivyo vilirundikana ovyo kwenye kompyuta yao, hata kutafuta picha ya ubatizo wa mtoto wao Quincy ikawa kazi ya kutwa.

Jumamosi moja, Jelagat akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Micah aliweka programu ya kupanga picha. Ikazipanga kwa tarehe, kisha ikaanza kukusanya sura, kila mtu na fungu lake, ikiuliza huyu ni nani. Micah akawa anaandika majina huku akitabasamu. Quincy. Mama mkwe. Yeye mwenyewe, picha tisini na nne. Halafu Khisa, mwimbishaji wa kwaya anayesimama mbele akiwatazama waumini, mwanamume mrefu mwenye meno meupe ya kuudhi. Picha elfu moja mia tatu na kumi na sita.

Tabasamu likamkauka. Akafungua moja, akafungua nyingine. Khisa ameinua mikono. Khisa anacheka. Khisa amefumba macho kama anayeonja asali. Micah akaanza kukumbuka mambo: simu za Khisa za "ratiba" ambazo Jelagat alizipokelea jikoni, siku aliposema shati jeupe linamkaa Khisa vizuri. Yeye anachomwa na mvuke siku tano kwa wiki, na huku mwenzake anapigwa picha! Akachagua fungu zima, akabonyeza futa.

Jelagat aliporudi alifurahi kuona kila kitu kimepangwa. Akabonyeza sura ya mama yake, aliyefariki mwezi Machi. Zikatokea picha nne.

"Baba Quincy, za mama ziko wapi?"

"Si ndizo hizo?"

"Mama aliimba kwaya miaka saba. Nilikuwa nampiga kila Jumapili."

"Nimefuta za Khisa," Micah alisema.

"Kwa nini?"

"Zilikuwa nyingi sana. Zangu hazifiki hata mia."

"Mama alikuwa anasimama nyuma yake. Na vile alikuwa mfupi, ningempigaje bila huyo mrefu kuingia?"

Bahati nzuri programu ilikuwa haijazitupa kabisa. Zilikuwa kwenye pipa lake la taka, na Micah akazirudisha, moja baada ya nyingine zikijaa kwenye kioo. Kweli, chini ya mkono wa Khisa ulioinuliwa, ulikuwepo uso mdogo wa mama mkwe, kinywa wazi, akiimba. Jelagat alilia kwa sauti ya chini. Micah alitamani kumshika bega, lakini macho yake yalikuwa kwenye tarehe.

"Na hizi za Aprili? Mama alikuwa ameshazikwa."

"Hizo ni za kwaya, Micah," alisema, akafunga kompyuta. Kwa kawaida hakumwita kwa jina.

Kesho yake Micah alikwenda kanisani, mara ya kwanza tangu mazishi. Baada ya ibada Khisa alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamuuliza habari za Olkaria, akampa pole tena kwa ajili ya mama mkwe. Micah alimjibu kwa adabu zote. Hakuona kosa lolote kwake, na bado hakuweza kumpenda.