Mlio Niliokuwa Nikiuzima Kila Jioni

Siku wakubwa wa Nairobi waliponiita mvivu tena, niliwaambia waje Meru wajionee. Mimi ndiye niliyekuwa nikituma rekodi za wateja wa duka letu: nani amenunua nini, nani amerudisha nini. Kila jioni kompyuta ilizipeleka makao makuu kwa waya wa simu ili zichambuliwe, na kila mara zilifika nusu. Walikuwa karibu kunifuta kazi.

Wakatuma fundi. Nikamlalamikia kuhusu simu ya duka pia. "Jioni nikitaka kumsalimia mtoto wangu kwa jirani kule Kaaga, nikiinua tu, inalia kama paka aliyekanyagwa. Naigongagonga mpaka inyamaze."

Fundi alimtazama meneja wa duka, aliyekuwa amesimama nasi. "Mama Kendi, huyo paka ni rekodi zikienda kwa waya huo huo wa simu. Ni wewe unayemnyonga."

Nilitamani kuingia kabatini. Meneja akauliza polepole, "Kendi ana umri gani?"

"Ameanza juzi kuniita mama."

Akanisukumia karatasi. "Basi lalamika vizuri, Nairobi wasikie."

Nikaandika kwa hasira ile ile: "Duka lina waya mmoja wa simu, na mtoto wangu ana mama mmoja. Ongezeni waya."