Paskalia arudisha mawe mlimani

Saa mbili asubuhi, Paskalia Mkude amepiga magoti mbele ya mwamba, juu kabisa ya Milima ya Uluguru, jiwe mkononi. Analipachika kwenye kovu moja la mwamba, halikai. Kwenye kovu la pili, halikai. Goti linamuuma, na jana alishinda hapahapa.

"Nimechoka, mwanangu, nisikufiche," anamwambia mwandishi aliyepanda naye. "Ila kosa ni langu."

Paskalia, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mchukuzi. Zamani alishusha kabichi zake hadi mjini. Ruzuku ya mbolea ilipofutwa, shamba likakonda, na kiwanda cha Kihonda, kule mjini, kilipouzwa, mumewe akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka huu wa 1995 riziki yao inatoka kwa Eustace, mtafiti wa miamba, anayelipa shilingi elfu moja kwa siku.

Eustace anabandua vipande vya mawe ya chokaa, tabaka kwa tabaka, chini kwenda juu. Ndani yake mna kaboni ya namna mbili, nyepesi na nzito kidogo. Akilinganisha viwango vyake, anapata fununu ya jinsi oksijeni ilivyoongezeka duniani, kabla jani la kwanza halijaota. Lakini sharti ajue jiwe lipi lilitangulia, ndiyo maana kila tabaka lina mfuko wake wenye namba.

Juzi Semeni, mchukuzi mwenzake Paskalia mwenye mimba ya miezi mitano, aliishiwa nguvu njiani. Wachukuzi wa huku hawamwachi aliyelemewa. Paskalia akafungua mifuko ya Semeni, akagawa mawe kwa wenzake, moja huku, mawili kule.

"Nilidhani jiwe ni jiwe tu," anasema.

Walipofika chini, mawe arobaini na moja yalikuwa yamechanganyika. Eustace hakufoka. Alikaa kitako, akasema bila mpangilio hana kazi tena ya kuwapa. Paskalia ndiye aliyekumbuka kwamba kila jiwe limeacha kovu mwambani.

Arobaini yamepata kwao. Hili la mwisho limegoma. Angelitaja kovu lolote, nani angejua?

"Hili silijui lilikotoka, bwana Eustace. Nisikudanganye," anamwambia mtafiti aliyesimama nyuma yake.

Eustace analipokea, analiweka kando. Kisha anamwambia Jumatatu wanaanza bonde la pili, kazi ya wiki sita, na Paskalia ndiye atakayewaongoza wachukuzi.

Paskalia anawaza ada ya shule ya binti yake, Catherine. Lakini anachouliza ni kingine.

"Na Semeni aje?"

"Aje."

"Basi mzigo wake nitampunguzia," anasema, akinyanyuka kwa kushika mwamba. "Ila nitachukua mfuko mzima, siufungui."